Busta Iliyochoka ya Mzee Fakihi

Marahaba, wanangu. Najua hamjaniamkia, maana siku hizi mnaamkia kwa kidole, mnatuma kipicha cha mkono unaopunga, lakini mimi naitikia kabisa tusije tukakosana mwanzoni. Mmetaka niwaeleze kazi ya kufunga busta za simu hapa Mafia, kazi niliyoifanya tangu kisiwa kilipoanza kujaa mabango ya hifadhi ya bahari mpaka magoti yaliponikataza kupanda juu ya bati. Nitawaeleza, ila msitarajie mpangilio. Miaka imeshanichanganyikia. Ninachokumbuka vizuri ni paa za watu na maneno waliyonitolea.

Tuelewane kwanza juu ya mashine yenyewe, kwa sababu nusu ya ugomvi wangu na wateja ulitoka hapo. Busta ni kisanduku chenye antena mbili. Moja inakaa nje, juu, inatazama mnara wa simu na kunasa mtandao unaofika ukiwa hoi. Nyingine inakaa ndani, inaumwaga mtandao ule chumbani ukiwa umepata nguvu. Ukiongea, sauti yako inarudi kwa njia ile ile. Basi, hakuna uchawi mwingine. Mzee Sherali, mwenye duka pale Kilindoni aliyenifundisha kazi, alikuwa akimwambia kila mnunuzi, "Hii inakuza ulichonacho. Kama kwako hamna mtandao hata wa kubipu, itaikuza hiyo hamna, upate hamna kubwa."

Watu walicheka, wakanunua, kisha wakarudi kulalamika kwamba wamepata hamna kubwa.

Mzee Sherali babu yake ndiye aliyetoka Bara Hindi. Yeye mwenyewe alizaliwa palepale nyuma ya duka, na Kiswahili chake cha Mafia kilikuwa kinanishinda mimi mwana wa Kiegeani, kijiji cha hapa hapa kisiwani. Aliniajiri enzi za redio za mbao na taa za kandili, na zilipoingia simu hakushtuka, aliziweka kwenye rafu ile ile ya redio akasema vyote ni vya kupigia kelele. Alikuwa na desturi moja iliyokuwa ikinikera sana. Mtu akileta redio iliyoungua mpaka inanuka, mimi nikishaifungua na kujua haina uhai, Mzee Sherali hasemi imekufa. Huipangusa vumbi kwa kitambaa, polepole, akamtazama mwenyewe kwa huruma, akasema, "Imechoka."

"Mzee, si umwambie tu ukweli?" nilimuuliza siku moja mteja alipokwisha kuondoka. "Hii imeungua."

"Mtu hapendi kuambiwa kitu chake kibovu," alinijibu. "Ukimwambia kibovu, ataitetea mashine yake mpaka magharibi. Mwambie kimechoka. Kila mtu hapa kisiwani anajua kuchoka."

Nikamwona ni maneno ya dukani tu. Mimi nilikuwa kijana wa ukweli mtupu, wa bisibisi na tester, na nilijiapiza kwamba nitakapojitegemea nitaita kibovu kibovu. Na nikafanya hivyo miaka mingi, ndiyo maana nilikuwa fundi hodari mwenye wateja wachache.

Sasa mjue na mambo ya paa, maana hayo hayamo kwenye karatasi inayokuja na mashine. Bati ni rafiki wa busta. Linazuia antena ya ndani isiisikie ya nje. Makuti hayazuii kitu. Ukifunga busta kwenye nyumba ya makuti bila kuzitenga antena ziwe mbali, mashine itaanza kujisikia yenyewe. Mmeshasikia kipaza sauti cha msikitini kikielekea spika yake, kinavyopiga mluzi watu wakaziba masikio? Ndiyo hivyo hivyo, ila mluzi wa busta huusikii wewe, unausikia mnara wa simu. Na mnara ukizomewa namna hiyo unaacha kusikia watu. Simu zote za jirani zinaonyesha vijiti vya mtandao vimejaa tele, na hakuna hata moja inayopiga.

Lakini makuti yana faida yake. Kuna mwenye hoteli mmoja huko kwenye eneo la hifadhi, wageni wake wanakuja kuogelea na papa potwe, wale wakubwa wasiodhuru mtu. Alikuwa ameandika kwenye bango kwamba kwake utaisahau simu yako. Wageni walikuwa wanaisahau mpaka chakula cha kwanza cha usiku, halafu wanaanza kuzungukazunguka ufukweni mikono juu wakitafuta mtandao kama waliopotewa na mbuzi. Akaniita. Akataka busta, ila isionekane, kwa sababu bango limeshalipiwa rangi. Nikaificha antena ndani ya makuti ya baraza, ikakaa vizuri sana. Wageni wakawa wanagundua wenyewe kwamba kwenye kona fulani simu inashika. Wakaambizana kwa siri, mwenyeji asijue. Hoteli ile ilisifiwa sana kwa utulivu wake. Mvua ikinyesha makuti yakilowa mtandao ulikuwa unapotea, na siku hizo tu ndizo wageni walipopumzika kama bango lilivyoahidi.

Kirongwe nako nilifunga antena juu ya mnazi, kwa sababu mwenye nyumba hakutaka nguzo na mnazi alikuwa nao tayari, mrefu, tena wa bure. Wakati wa maleleji, hamna upepo, ilifanya kazi mpaka tukapongezana. Ulipoingia kusi, mnazi ukaanza kuyumba, na antena nayo ikawa inautazama mnara, inaupa kisogo, inautazama tena. Yule bwana alijifunza kuongea kwa kufuata mnazi. Anasema maneno matatu, anatulia, anasema mengine matatu. Watu wa Dar es Salaam waliokuwa wakizungumza naye walidhani amekuwa mtu wa hekima. Msifunge antena kwenye kitu chenye uhai, wanangu, huo ndio ushauri wangu kuhusu minazi.

Nimezunguka, lakini nilikuwa naelekea Bweni, na Bweni sikuipenda kwa sababu ya mtandao. Mwanangu Rukia aliolewa huko, ncha ya kaskazini kabisa ya kisiwa, na barabara ya kwenda kwao inamtikisa mtu mpaka asahau alichofuata. Alipopata mimba, nilianza kuyaona mashimo ya ile barabara nikiwa nimefumba macho. Mimba ya kwanza ilikuwa imeharibika. Hii ya pili nesi wa zahanati, Nesi Mwanahawa, aliniambia waziwazi kwamba uchungu ukianza lazima gari la wagonjwa liitwe mapema kutoka Kilindoni, asijifungulie pale. Na Bweni wakati huo ukitaka kupiga simu ulikuwa unasimama kwenye kijiwe kimoja nyuma ya shule, unageuka upande mmoja, na unaomba Mungu.

Basi nikafunga busta pale zahanati. Mashine alitoa Mzee Sherali, kazi nikatoa mimi, na watu wakanisifu kwa moyo wangu wa kujitolea kwa kijiji kisichokuwa changu. Nilizipokea sifa zote. Antena ya nje nikaielekeza kusini, kwenye mnara wa simu upande wa Kirongwe, ya ndani nikaiweka chumba cha kusubiri. Taa ikawaka kijani. Nikampigia Mzee Sherali nikiwa nimekaa kwenye benchi la wagonjwa, naye akaniuliza naumwa nini.

Alichouliza kwa utani kikawa kweli. Wiki haikuisha, Bweni nzima ikaumwa. Wauza pweza waliumwa kila walipotaka kujua bei ya Kilindoni. Vijana waliumwa jioni. Kulikuwa na bibi mmoja aliyekuwa na mtoto Muscat, akaumwa kila Ijumaa baada ya sala, tena anaumwa kwa sauti, kwa sababu hakuamini kwamba Muscat inasikika bila kupiga kelele. Nesi Mwanahawa aliwaandika wote, maana kazi yake ni kuandika wanaokuja. Mwishowe walitumwa wakubwa kutoka Kilindoni waje kuchunguza ni maradhi gani yameingia Bweni, wakafika, wakaketi kwenye benchi, wakatoa simu zao, na hawakuuliza tena.

Mtu mmoja tu hakuja kuumwa: Mzee Fakihi, mwenyekiti wa kijiji. Alikuwa mzee mzuri, mkarimu, mtu wa kutoa samaki kabla hajaombwa. Lakini mwenyekiti hawezi kukaa benchi moja na wauza pweza akisubiri zamu ya kuongea. Mpwa wake aliyekuwa Dar es Salaam akamnunulia busta yake mwenyewe, kubwa kuliko ya zahanati, akamtumia kwa boti. Kisha akamwelekeza kwa simu namna ya kuifunga. Mzee Fakihi alikwenda kwenye kile kijiwe nyuma ya shule, akasikiliza maelekezo yote, na la muhimu kuliko yote lilikuwa hili: antena ya nje ielekee mnarani.

Sasa nyinyi mnaosoma mkiwa Kilindoni mtaona hapo hakuna tatizo. Lakini mwambie mtu wa Bweni neno mnarani, mtu mzima au mtoto, atageukia kaskazini, kwenye mnara wa taa unaoonyesha meli njia. Huo ndio mnara. Ulikuwepo kabla ya babu zao, na mtu wa Bweni akisema anakwenda mnarani hakuna anayemuuliza upi. Yale machuma ya simu ya huko Kirongwe wao walikuwa wanayaita machuma. Mzee Fakihi akapanda mwenyewe juu ya bati lake na kuielekeza antena kwenye mnara wa taa, sawasawa, kwa umakini wa mtu aliyewahi kuwa nahodha. Antena ya ndani akaiweka barazani, nje, kwa sababu mkarimu hali mtandao peke yake chumbani.

Kati ya baraza yake na mnara wa taa ipo zahanati. Na antena ya zahanati, niliyoielekeza mimi kusini, macho yake yanapita juu ya baraza ya Mzee Fakihi. Zile mashine mbili zikawa zinatazamana uso kwa uso. Ya kwake ikisikia ya zahanati, inaikuza. Ya zahanati ikisikia ya kwake, inaikuza zaidi. Zikazomeana mchana na usiku, na Bweni yote ikawa na vijiti vimejaa kwenye simu na hakuna anayeweza kusema hata halo. Kijiwe cha nyuma ya shule nacho kikafa.

Nesi Mwanahawa akanitumia salamu kwa kijana wa bodaboda. Nilifika Bweni asubuhi, nikapita kwanza kwa Rukia, nikamkuta anafagia ua, tumbo limeshuka, miguu imevimba. Mume wake alikuwa baharini. Nikamwambia aache kufagia, akaniambia niache kumtazama hivyo. Nikaenda zahanati, nikakuta taa ya busta yangu nyekundu. Nikapanda juu ya bati, nikaangalia huku na huku, nikaiona antena ya mwenyekiti inanikodolea. Nikaelewa kila kitu, nikashuka nacheka. Nilikuwa bado nina wakati wa kucheka.

"Shikamoo Mzee Fakihi."

"Marahaba, fundi. Karibu barazani. Karibu mtandao."

Akanionyesha kisanduku chake ukutani. Alikuwa amekitandikia kitambaa cha kufuma, cha mkewe, Bi Saada.

"Ya zahanati taa yake ilikuwa kijani," alisema. "Kijani tu, dhaifu. Hii yangu tazama, nyekundu kabisa. Tangu nimeifunga haijashuka."

Nikamwelewesha. Wanangu, nilimwelewesha vizuri sana, kwa kalamu na karatasi, nikachora minara miwili, nikachora mishale. Nikamwambia nyekundu ni mashine inalia, mnara uliokusudiwa si ule, antena ameigeuzia meli. Kila nilipoeleza zaidi ndivyo uso wake ulivyozidi kufunga. Nilimwambia mtu nahodha, mbele ya mkewe, kwamba hajui mnara ulipo.

"Mpwa wangu alisema mnarani," alisema. "Mnara ule pale. Au Bweni tuna mnara mwingine uliouleta wewe?"

Hapo nikamwona Nesi Mwanahawa anakuja, kanga imemteleza begani, simu mkononi. Hakuniamkia.

"Rukia kaletwa na majirani. Damu inamtoka. Nataka gari sasa hivi, na simu haipigi. Nimeshamtuma wa bodaboda aende mpaka atakapopata mtandao, lakini mpaka afike na gari litoke huko, mimi siwezi kungoja."

Akageuka mbio kurudi kwa mgonjwa. Sikumbuki nilisimama vipi. Nakumbuka mkono wangu kwenye nguzo ya baraza, na Mzee Fakihi ameshatoa simu yake kabla yangu. Vijiti vimejaa. Akapiga. Akaitazama. Akapiga tena, ikakaa kimya vilevile.

"Mzee, zima mashine," nilisema. "Zima hiyo, ya zahanati itapona, nesi atapiga."

Akanitazama kwa huruma, na ilikuwa huruma ya kweli. "Fundi, mwanao anahitaji mtandao, nami nizime mtandao? Uchungu wa mwana umekuchanganya. Kaa hapa, napiga tena. Tazama, imejaa."

"Imejaa kelele, Mzee. Nimekueleza, antena yako—"

"Antena yangu iko mnarani," alisema, akasimama mbele ya kisanduku, akaipiga tena ile namba. Alimpenda Rukia, alikuwa ndiye aliyesimamia ndoa yake pale kijijini, na kwa akili yake alikuwa anailinda njia pekee ya kumwokoa dhidi ya baba aliyepagawa. Ningeweza kumsukuma. Nilikuwa na nguvu hizo wakati ule. Nilimwogopa Mungu, na niliogopa pia kwamba tukianza kushikana, dakika zitapita na kijiji kitajaa barazani kutuamulia.

Hapo ndipo Mzee Sherali aliponijia kichwani, na kile kitambaa chake cha vumbi. Nikaweka mkono wangu juu ya kisanduku cha mwenyekiti, taratibu, kama mtu anayempima mgonjwa homa. Kilikuwa cha moto kweli.

"Mzee Fakihi," nilisema, "shika hapa. Mashine yako imechoka."

Akashika. Akaurudisha mkono.

"Imechoka?"

"Imefanya kazi mfululizo tangu uifunge. Kijiji kizima kinaiegemea. Iache ipumzike kidogo, ya zahanati ishike zamu."

Nilimwona anavyolegea mabega. Bi Saada, aliyekuwa mlangoni muda wote, akasema, "Si nilikwambia? Tangu juzi inachemka, nikashindwa hata kuweka kikombe juu yake."

"Maskini," alisema Mzee Fakihi, na yeye mwenyewe, kwa vidole vyake, akauchomoa waya kwenye betri. Akaifunika kwa kile kitambaa.

Nilikimbia. Pale zahanati nikaizima yangu nikaiwasha upya, kwa sababu ikishazomewa kiasi kile haijirudii yenyewe, hilo mlishike. Taa ikakaa nyekundu, nikamsikia mwanangu upande wa pili wa ukuta anaita mama yake aliyekwisha kufariki. Kisha ikawa kijani. Nesi alikuwa ameshapiga kabla sijasema neno, na wa Kilindoni akapokea, na sijawahi kusikia sauti nzuri kama ya yule mtu aliyesema "Zahanati gani?" kwa uvivu.

Gari lilikuja kwa barabara ile ile ninayoilaani. Rukia alijifungulia Kilindoni, mtoto wa kike, wote wazima. Nililia mbele ya watu dukani kwa Mzee Sherali, naye akaniletea kahawa, na nilipomsimulia nilichosema, hakujisifu. Aliuliza tu kama mashine ilikuwa ya moto kweli. Nikasema ndiyo. "Basi hukudanganya," alisema, akarudi kwenye hesabu zake.

Mwenyekiti hakuiwasha tena busta yake. Siku ya pili nilikwenda kumshukuru, nikajitolea kuigeuza antena itazame machuma. Akakataa. Alisema kitu kilichofanya kazi kubwa namna ile kimestahili mapumziko. Imebaki ukutani barazani, kitambaa juu, na mgeni akifika Bweni huonyeshwa, huambiwa kwamba mashine hii ndiyo iliyookoa mama na mtoto wake. Mjukuu wangu mwenyewe amekua akiamini hivyo. Akija likizo hupita kuisalimia.

Nami sijawahi kumsahihisha. Nimefunga busta kisiwa kizima, zimeungua, zimeibwa, zimeangukiwa na nazi. Mkiniuliza ipi ilifanya kazi vizuri kuliko zote, nitawapeleka Bweni, barazani kwa Mzee Fakihi, na nitawaomba mseme kwa sauti ya chini. Bado inapumzika.